Mkanda Mdogo wa Presha

Wadogo zangu wa wodi ya watoto,

Siku ya kuniaga mliniomba niseme neno, nikasema asanteni, nikakaa chini. Mnisamehe. Sijawahi kuwa mtu wa kusimama mbele za watu, na mwaka huu maneno yangu yamepungua zaidi. Sababu mnaijua. Mlikuja msibani, mkachota maji na kuosha masufuria bila kuambiwa. Nimeona niandike. Ukiandika ukakwama, hakuna anayekukodolea macho.

Habari za vyeo sina za kutosha kujaza ukurasa, kwa hiyo naziacha. Nataka kuwaeleza habari za mkanda mdogo wa presha ulio kwenye droo ya meza yetu, ule wenye mshono wa uzi wa bluu. Siku zangu za mwisho kazini nilimsikia mmoja wenu akiuliza kwa nini tunatunza kitu kizee hivyo wakati zimeletwa mashine za betri. Swali ni zuri. Jibu lake ni refu kidogo.

Nilimaliza darasa la saba Kinampanda, sikuendelea. Hospitalini niliingia kama mhudumu wa kufagia na kupiga deki. Mafunzo ya uuguzi niliyapata baadaye, tena ya ngazi ya chini. Siku ya kwanza wodini nilipokewa na Sista Agripina, mkuu wa wodi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuchungia mbuzi. Alinipa kitambaa chenye dawa, akaniambia nipanguse vitanda vyote. Kisha akapita nyuma yangu akipitisha kidole upande wa chini wa vyuma vya vitanda, mahali ambapo mimi sikupagusa.

"Kwani huku chini analala nani, Sista?" nikamuuliza.

"Kunguni," akasema. "Rudia."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kupasha kichwa cha stetoskopu kwenye kiganja kwanza, maana chuma baridi kikimgusa mtoto kifuani, siku hiyo umeshamkosa. Alinifundisha kumsalimia aliyemleta mtoto kabla ya kumgusa mtoto. Na alinifundisha kupima presha ya kila mtoto anayelazwa. Enzi zile watu walimcheka. Kila mtu alijua presha ni ugonjwa wa watu wazima wenye mawazo mengi. Mfamasia mmoja alikuwa akisema, "Sista Agripina kamaliza watoto, kesho anahamia kwenye mbuzi." Sista alikuwa akimjibu, "Mbuzi hawana kelele kama wewe," kisha anaendelea kupima.

Mkanda wa watoto tulikuwa nao mmoja. Msiwapime watoto kwa mkanda wa watu wazima. Mkanda mkubwa kwenye mkono mdogo hukupa namba ya chini kuliko ile ya kweli, nawe utaondoka umeridhika huku mtoto anaungua. Tatizo ni kwamba mkanda wetu ulikuwa umechakaa ule utepe unaonata. Ukiupuliza upepo unafyatuka. Tukawa tunaufunga kwa plasta, na kila plasta ikibanduka inaondoka na uzi.

Mume wangu, Baba Elia, alikuwa fundi cherehani sokoni. Nikaomba ruhusa, nikaupeleka. Akaugeuza huku na huku, akautazama mfuko wa mpira ulio ndani, akasema hapo katikati hapaguswi, atashona pembeni tu. Utepe mpya aliuchomoa kwenye kiatu cha mtoto kilichokuwa kimebaki bila mwenzake. Alipomaliza akajaribu kuufunga kwenye mkono wake, ukaishia njiani.

"Mwenye mkono wa kiasi hiki naye ana presha?" akaniuliza. "Anawaza nini huyu?"

Mtoto mwenye presha sikuwa nimemwona bado. Sista Agripina alistaafu akarudi kwao Kilimatinde kabla hatujampata hata mmoja. Tuliendelea kupima kwa sababu alituachia agizo, na kwa sababu mkanda ulikuwa mzima.

Kisha akaja Zuhura.

Aliletwa na bibi yake mzaa mama, Bibi Mwajuma, kutoka kijiji kimoja cha upande wa Ikungi. Mama yake alikuwa ametoka kujifungua, hakuweza kusafiri. Zuhura alikuwa na umri wa miaka mitatu, mikono myembamba kama ya mtoto wa nusu ya umri wake, na tumbo limejaa upande wa kushoto. Upande huo ulikuwa unang'aa kwa mafuta ya alizeti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huyu ana bandama. Namkanda kila jioni, lakini haishuki, inapanda."

"Kuna kingine?"

"Maji. Anakunywa kama ng'ombe aliyetoka machungani, anakojoa, anarudi kunywa. Na chumvi. Ukiweka chumvi chini, ameshaichota. Juzi nimemkuta analamba jiwe wanalowekewa ndama."

Nikapasha stetoskopu, nikafunga mkanda, nikapima. Namba niliyoiona ingenifanya nimkalishe mtu mzima na kumwita daktari. Nikangoja mtoto atulie, nikapima mkono wa pili. Ile ile. Nikamwita mwenzangu apime bila kumwambia nimepata ngapi. Akapima, akanitazama, akaanza upya.

Daktari wetu alikuwa kijana anaitwa Kessy, mtu wa Kilimanjaro, hajamaliza hata mwaka kwetu. Namsifu kwa jambo moja: hakusema mashine ni mbovu. Alipima mwenyewe, akampeleka mtoto altrasaundi. Haikuwa bandama. Ulikuwa uvimbe mkubwa uliokaa kwenye figo ya kushoto, saratani ya figo inayowapata watoto wadogo, na haiwapati wengi.

Alitueleza mezani, mimi na mwenzangu, na nayaandika kama nilivyoyaelewa. Figo ni kama mlinzi wa tangi. Ikihisi damu inayoifikia imepungua, inapiga kengele. Kengele hiyo ni homoni, inaitwa renini. Mwili ukiisikia, mishipa inakaza na presha inapanda ili damu ifike kila mahali. Hiyo ni kazi njema kwa mtu aliyepungukiwa. "Sasa uvimbe wa huyu mtoto umeota ndani ya nyumba ya mlinzi, na kengele inalia muda wote," alisema. "Tangi limejaa, lakini inalia." Nikamuuliza kama uvimbe wenyewe ndio unaotengeneza hiyo homoni. Akasema baadhi ya uvimbe wa aina hiyo hutengeneza, na mara nyingine ni figo inayobanwa ndiyo inayopiga kelele. Kwa Zuhura hakuweza kusema kwa hakika, na sisi hatukuwa na kipimo cha renini. Matokeo kwa mtoto ni yale yale.

Hospitali kubwa Dodoma walikubali kumpokea kwa upasuaji, ila walitaka kwanza presha ishuke, maana hawangeweza kumlaza usingizi akiwa hivyo. Daktari akatuambia mambo mawili yanayoweza kumchukua kabla hajafika huko. La kwanza, presha yenyewe, ikimpiga kichwani. La pili, uvimbe kupasuka tumboni na kutawanya saratani. "Mkono mmoja mzito unatosha," akasema.

Jioni nilimkuta Bibi Mwajuma ametoa chupa yake ya mafuta.

"Bibi, tumbo hilo lisikandwe tena."

"Nimemkanda tangu lilipoanza. Leo nikiacha, atasema bibi amemchoka."

Nikakaa kitandani. Nikamwambia ndani mle kuna kitu kama yai viza, likipasuka tumbo lote linaharibika, na wa Dodoma wanataka kulitoa likiwa na ganda lake. Akaifunga chupa yake ya mafuta. Nikaogopa kwamba nimemuumiza, kwa kuwa kila jioni alikuwa amekanda kwa upendo.

"Mkande miguu," nikamwambia. "Mafuta ni yale yale. Na mikono yako naiomba kazi nyingine. Mimi nina wodi nzima, siwezi kukaa hapa. Wewe ndiye mlinzi wa hili tumbo. Asiguse mtu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Sikujua nimempa kazi mtu wa namna gani. Mnaijua tabia yetu hospitalini: kukiwa na tumbo lenye kitu, kila anayepita anataka kuonja kwa vidole. Mwanafunzi anabonyeza, mwalimu wake anabonyeza, wa zamu ya mchana anabonyeza kuhakikisha wa asubuhi hakukosea. Siku iliyofuata alikuja daktari bingwa mgeni na wanafunzi wake. Wakafika kitanda cha Zuhura. Bibi alikuwa amekaa pale, ametandaza kiganja juu ya tumbo la mjukuu bila kulikandamiza.

"Shikamoo, Bibi. Tuangalie kidogo."

"Marahaba. Wewe ni wa ngapi?"

"Wa ngapi nini?"

"Wa kubonyeza. Yule mwembamba," akamwonyesha Daktari Kessy kwa kidevu, "ameshabonyeza, na ameshapiga na picha. Muulize yeye alichokiona. Hili si embe mnatafuta lililoiva."

Daktari Kessy akatazama viatu vyake. Bingwa akaomba picha, akaisoma pale pale, akaondoa mikono akaiweka mifukoni. Akawaambia wanafunzi, "Hilo ndilo somo la kitanda hiki. Twendeni." Tangu siku hiyo tulikuwa tukimteua mlezi wa kila mtoto mwenye uvimbe tumboni kuwa mlinzi, mbele ya mgonjwa na mbele ya raundi. Kibao tuliwahi kuweka, watu walikisoma huku wanabonyeza. Bibi hasomwi, anakusoma.

Tumbo likapata mlinzi. Presha ikatushinda.

Mnajua somo letu la asubuhi kwa wagonjwa wa nje: mwenye presha apunguze chumvi. Tumelisema hadi watoto wa shule wanalijua. Kwa hiyo Zuhura alipoanza vidonge, agizo la chumvi lilikuja lenyewe kama salamu, na hakuna kati yetu aliyelitilia shaka. Bibi alikuwa na chumvi amefunga kwenye pindo la kanga, akimwonjesha mjukuu kidogo kidogo. Nikamwomba, akafungua fundo, akanipa. Uji wa uwele ukaletwa bila chumvi, na mlenda vivyo hivyo.

Mtoto akaanza kunyauka. Aliendelea kunywa na kukojoa, shuka tukawa tunabadilisha bila kupumzika. Alitapika. Macho yakaingia ndani. Alikuwa akilitazama lile pindo la kanga, akilia bila machozi. Presha iliyumba kidogo tu. Siku moja macho yalimpinduka, tukadhani ndiyo degedege inaanza. Bibi hakulia. Alisema, "Mnamtibu, lakini anaondoka."

Daktari Kessy akatuma damu ikapimwe chumvichumvi zake, na akawapigia simu wa Dodoma. Majibu yaliporudi alikuja wodini akitembea haraka, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, ile chumvi iko wapi?"

"Kwa huyu," Bibi akasema, akinionyesha.

"Mrudishie," daktari akaniambia. "Chumvi ya damu yake imeshuka sana. Tumekosea sote, nikiwa wa kwanza."

Alieleza hivi. Presha ikiwa kubwa mno inaisukuma ile figo nzima ya upande wa pili, nayo inamwaga chumvi kwenye mkojo, na maji yanaifuata chumvi. Mwili unakauka. Ukikauka, kengele inapata sababu ya kweli ya kulia, inalia zaidi, na presha inapanda zaidi. Mtoto alikuwa akilamba jiwe la ndama kwa sababu alikuwa anapoteza chumvi.

"Ndama akikosa chumvi hulamba hata ukuta," Bibi alisema. "Kwani kwenu hamfugi?"

"Tunafuga, Bibi. Ng'ombe wa kwetu anakaa ndani, analetewa kila kitu."

"Ndiyo maana hamjui anachotaka."

Daktari alicheka, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu tumpokee mtoto yule. Akaweka dripu yenye chumvi, kwa mwendo aliouandika mwenyewe, akabadilisha vidonge akaleta vya aina inayozuia kazi ya renini. Tulipima presha mara kwa mara mchana na usiku, kwa ule mkanda. Naomba msichukue habari hii mkawagawia chumvi watu wenye presha. Zuhura alipewa kwa kipimo cha damu na kwa agizo la daktari. Ninachotaka mchukue ni kwamba somo la asubuhi ni la watu wengi, na kitandani amelala mmoja.

Akarudi kutoka alikokuwa anaenda. Kwanza ulimi ukalowa, kisha akaomba uji, kisha akaanza kunichukia kwa sindano, ambayo ni dalili njema. Presha ikashuka polepole mpaka Dodoma wakasema mleteni.

Nilimsindikiza mimi. Bibi alikaa na mtoto kwenye gari la wagonjwa, kanga zimekunjwa chini ya magoti yake, kiganja mahali pake. Mkanda nilimwacha nao mkononi. Dereva alivuka matuta ya Ikungi na Puma kama mtu aliyebeba mtungi. Garini huwezi kusikia mapigo vizuri kwa mngurumo, kwa hiyo tulipofika kituo cha Mkiwa nilimwomba dereva asimame na kuzima injini. Wachuuzi wakalizunguka gari kama kawaida yao, karanga, mayai, kuku mzima madirishani. Nikainua kidole huku stetoskopu iko masikioni. Mama mmoja mwenye beseni la karanga akachungulia ndani, akageuka.

"Nyamazeni," akawaambia wenzake. "Wanapima mtoto."

Wakanyamaza. Mpaka leo sijui kituo kingine cha barabarani kilichowahi kunyamaza. Presha ilikuwa imetulia. Tukaendelea.

Figo ilitolewa pamoja na uvimbe wake. Daktari aliyepasua alimpigia Kessy simu, naye akaja mbio kuniambia: umetoka mzima, ganda halikupasuka. Presha ikaanza kushuka yenyewe, wakapunguza vidonge mpaka wakaviacha. Kengele ilikuwa imeondoka na nyumba yake. Baada ya hapo zilifuata dawa za saratani, miezi mingi ya kwenda na kurudi, nywele zikatoka zikaota. Bibi alikuwa naye safari zote.

Tulipokabidhiwa kumfuatilia, tuliambiwa kila ajapo tumpime presha. Ikipanda bila sababu, huenda uvimbe umerudi na umeanza tena kupiga kengele kabla haujaonekana, aende altrasaundi haraka. Kwa hiyo kila nilipofunga ule mkanda nilikuwa naufunga kwa hofu. Safari moja ilisoma juu. Bibi alikaa sakafuni. Nikauliza wamekujaje, Zuhura akasema ameshindana mbio na mjomba wake kutoka stendi. Nikamkalisha, miguu imegusa chini, mgongo umeegemea, mdomo umefungwa, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko upasuaji. Nikangoja, nikapima. Sawa.

"Nyie wauguzi mtaniua kabla ya siku zangu," Bibi alisema, akainuka.

Miaka ikaenda. Daktari Kessy alihamishwa. Baba Elia alikuwa akiniuliza mara moja moja, "Yule wako mwenye mkono mdogo hajambo?" Nikamwambia hajambo. Hakuwahi kumwona. Aliridhika tu kujua mshono unashika.

Baba Elia alifariki mwaka huu, kama mjuavyo. Sina mengi ya kusema juu ya hilo. Cherehani iko palepale dirishani, nimeifunika. Niliporudi kutoka likizo ya msiba nilikuwa nimebakiza wiki chache za kazi, na nilizifanya zote, kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya na wodini kulikuwa na kazi.

Katika wiki hizo Zuhura alikuja kupimwa. Yuko darasa la tano, ana miguu mirefu, na safari hiyo alikuja na mama yake. Bibi siku hizi magoti hayamruhusu. Zuhura alikuwa amebeba kifurushi.

"Shikamoo, Mama Elia."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na msiba. Bibi ameleta rambirambi. Unga wa mtama, na hii hapa chumvi." Akasita, akamtazama mama yake, kisha akamaliza ujumbe kama alivyotumwa. "Amesema chumvi usimnyang'anye mtu."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi. Nikamkalisha, nikampa muda, nikatoa mkanda kwenye droo. Nikauzungusha mkononi mwake. Ncha hazikukutana. Nikaulegeza, nikauvuta tena taratibu, nikidhani nimeukunja vibaya.

"Umesinyaa?" akaniuliza.

"Haujasinyaa. Ni wewe."

Akautazama mkono wake, kisha akautazama ule mshono wa uzi wa bluu, akapitisha kidole juu yake. Nikachukua mkanda unaofuata kwa ukubwa, nikafunga, nikapima. Presha ilikuwa ya mtoto mzima, asiye na neno.

Kisha nikaukunja ule mdogo, nikaurudisha kwenye droo. Utepe bado unanata. Uchungeni, kuna mwingine anakuja mwenye mkono wa kiasi chake.